Juni Mbili za Mwaka wa Pili

Kwanza niseme wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Nimelikana mara nyingi, hata mbele ya watu wazima wenye madaraka, lakini sasa nimefika umri ambao uongo unachosha kuliko ukweli. Wafalme wa Uingereza walinisaidia kulitenda, ila wao wamekufa zamani na hawawezi kujitetea, kwa hiyo lawama nazibeba peke yangu.

Nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana, ufukoni, upande wa Homa Bay. Mwaka ulikuwa wa tisini na tatu. Kwetu ni Ntimaru, kule juu mpakani, ambako ziwa ni habari ya kusimuliwa. Wasichana wenzangu karibu wote walikuwa Waluo, wa nchi kavu na wa visiwani, na Kidholuo changu kilianzia kwenye salamu kikaishia kwenye matusi. Kwa hiyo walinisemesha Kiswahili na wakaniita nyar Kuria, binti wa Wakuria. Nililipenda jina hilo kwa sababu lilinisamehe mambo mengi. Nikikosea, walisema ni Ukuria, na mimi sikuwasahihisha.

Mwalimu wetu wa historia alikuwa mwembamba, na koti lake moja lilikuwa limeshika chaki hadi mabegani. Alikuwa na kitabu kinene kisichokuwa na jalada, alichokiokota kwenye sanduku lililoachwa na wazungu walioianzisha shule. Ndani yake mlikuwa na orodha za wafalme na tarehe zao, kurasa kwa kurasa, bila hadithi hata moja. Kitabu hicho hakikuwa kwenye mtaala. Alikileta Ijumaa kipindi cha mwisho, wakati sisi tunaota chakula cha jioni, naye akakifungua kwa raha ya mtu anayemenya muwa.

Ndiye aliyetuambia kwamba Uingereza ya kale, karani akiandika hati, hakuandika mwaka elfu moja mia mbili na kadhaa. Aliandika siku fulani, mwaka wa saba wa mfalme fulani. Mwaka wa mfalme haukujua Januari. Ulianza siku ile alipoanza kutawala, na akifa, hesabu ilikufa naye, wa pili akaanza moja upya. Zamani zaidi, hata aliyerithi hakuhesabiwa mfalme mpaka atawazwe, kwa hiyo kulikuwa na siku katikati ambazo hazikuwa za mwaka wa mfalme yeyote. Msichana mmoja wa mbele aliuliza wezi waliadhibiwa na nani siku hizo. Mwalimu alicheka peke yake kitambo, kisha akasema kwamba wako waliodai amani ya mfalme imezikwa na mwenyewe, wakaiba kwa roho safi.

Hapo nilikaa wima. Sikuwahi kusikia historia yenye manufaa kiasi kile.

Halafu akatuambia kuhusu mfalme mmoja aliyetawazwa Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Makarani wake hawakushika tarehe ya siku ile, walishika sikukuu. Mwaka wake ulianza Kupaa hadi Kupaa. Sasa Kupaa kunafuata Pasaka, na Pasaka inafuata mwezi wa angani, haitulii mahali. Kwa hiyo mfalme huyo alikuwa na miaka mifupi na miaka mirefu. Kuna mwaka uliokosa siku kadhaa, na kuna mwaka uliozidi, ukawa na tarehe zile zile mara mbili, mwanzoni na tena mwishoni. Mwalimu alichora ubaoni. Wenzangu wengi walikuwa wanachora maua kwenye daftari.

Mimi nilikuwa namfikiria mwalimu mkuu wetu. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, ametoka mbali, Kidholuo hakijui, na neno lake lilikuwa "katika mwaka wangu". Katika mwaka wangu hakuna atakayechelewa. Katika mwaka wangu tutapanda miti. Alikuwa amekabidhiwa shule Siku ya Wazazi ya mwaka uliotangulia, mwenyekiti wa bodi akampa funguo juu ya sinia mbele ya umati, na tangu hapo kila Siku ya Wazazi alitangaza kwamba mwaka wake umetimia na mwingine umeanza.

Na Siku ya Wazazi ya shule yetu ilifuata mwezi. Si kwa dini, ni kwa omena, dagaa wa ziwani. Wavuvi wa omena hufanya kazi usiku wa giza, wakiwavuta samaki kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazifui dafu, watu hukaa nyumbani kushona nyavu. Shule iliyotaka kuwaona wazazi wa visiwa vya Remba na Mfangano ilibidi iwaite wakati huo, la sivyo ingehutubia viti. Kwa hiyo siku ilikuwa Jumamosi iliyokaribia mwezi mpevu wa kwanza wa Juni. Mwaka ule iliangukia tarehe tano. Hakuna aliyeona ajabu, ila mimi nilipiga hesabu na nikacheka hadi kiranja wa bweni akanitishia.

Jumatatu iliyofuata waliniteua karani wa viranja, kwa ajili ya mwandiko wangu. Kazi yangu ilikuwa kitabu cha makosa. Kila msichana alikuwa na ukurasa wake: tarehe, kosa, adhabu. Katika ukurasa wa kwanza nilioufungua niliandika, kwa herufi nzuri kabisa, "7 Juni, mwaka wa pili wa Mwalimu Mkuu." Nilitaka viranja wacheke. Walicheka. Sikutarajia kwamba jioni ile ile mwalimu mkuu angekiomba kitabu.

Alisoma mstari ule. Alivua miwani, akaifuta, akausoma tena. Mimi tayari nilikuwa najiona na slasha mkononi, nafyeka nyasi za uwanja mzima. Akasema kwamba huu ndio utaratibu aliokuwa akiutafuta, na kwamba kuanzia siku hiyo kumbukumbu zote za nidhamu ziandikwe hivyo. Ndani ya wiki mbili hata mpishi alikuwa anapokea maharage katika mwaka wa pili wa Mwalimu Mkuu. Naye akaongeza sheria: msichana atakayefikisha makosa matatu ndani ya mwaka wake mmoja atakwenda nyumbani na hatarudi. Siku ya Wazazi mwaka ukifa, makosa yote yanakufa nao, na kila mtu anaanza ukurasa mweupe.

Sikumweleza habari ya mwezi. Yeye aliamini mwaka wake una miezi kumi na miwili kama wa watu wengine, na hakuniuliza.

Sasa nimlete mwenzangu. Tulikaa dawati moja tangu kidato cha kwanza. Walimwita nyar nam, binti wa ziwa, kwa sababu alikulia Remba, kisiwa kile cha mawe ambacho watu wamebanana hadi mabati ya nyumba yanagusana. Alisema bwenini halali vizuri, kimya kinamsumbua. Alikula kichwa cha samaki akabakisha mifupa michache isiyomtosha hata paka. Alikuwa mkweli kwa namna ya kuudhi. Ukimuuliza kama nywele zako zimekaa vizuri, ujiandae.

Baba yake alipotea ziwani tarehe kumi na mbili Juni, yeye akiwa darasa la sita. Mtumbwi ulionekana, yeye hakuonekana. Nyumbani kwao kwenyewe ni Mfangano, na huko wazee walifanya kinachofanywa maji yasipomrudisha mtu: walitafuta tunda la yago, refu na zito, wakalizika kaburini badala ya mwili, na watu wakalia juu yake kama ilivyo desturi. Mimi niliposimuliwa nilidhani angalau wana mahali pa kwenda. Akanisahihisha.

"Pale kuna tunda," alisema. Akaonyesha maji kwa kidevu. "Baba yuko huku."

Kwa hiyo kila tarehe kumi na mbili Juni alipita kwenye tundu la ua nyuma ya mapipa ya taka, akateremka hadi ufukoni, akasimama maji yakimfika vifundoni na kumweleza baba yake habari za mwaka. Ilimchukua nusu saa. Kidato cha kwanza na cha pili hakuna aliyemwona. Kidato cha tatu bawabu alimwona, na kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa karani mpya, mwenye siku tano kazini, niliandika kwenye ukurasa wake: "12 Juni, mwaka wa pili. Amekutwa nje ya ua bila ruhusa. Kufyeka nyasi." Alifyeka, tukasahau. Bawabu mwenyewe aliacha kazi kabla ya Krismasi.

Kosa la pili lilikuwa la Novemba, na hilo lilikuwa na harufu. Alikaanga omena bwenini juu ya pasi ya makaa, iliyopinduliwa na kutegemezwa kwa viatu viwili. Tulikula watano. Kiranja alipoingia, wanne tulikuwa tumeshalala fofofo na blanketi hadi kichwani, na yeye alikuwa bado ameshika mpini wa pasi. Asubuhi niliandika kosa lake kwa mwandiko wangu mzuri huku mdomo wangu ukinuka ushahidi. Hakunitaja. Nilimwambia asante, akasema asante haifyeki nyasi.

Januari tukaingia kidato cha nne, na naibu mpya wa mwalimu mkuu akaletwa, mama mmoja mwalimu wa hesabu, aliyevaa saa mkononi na nyingine shingoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anapenda vitu vikamilike, na mtu wa namna hiyo shuleni ni wa kuogopwa.

Juni ikafika. Safari hii mwezi ulichelewa, na Siku ya Wazazi ikasogea hadi tarehe ishirini na tano. Tarehe kumi na mbili nyar nam alipita kwenye tundu lake kama kawaida. Alipokuwa anarudi, viatu mkononi, alimkuta naibu amesimama nyuma ya mapipa ya taka akitazama saa ya shingoni.

Niliitwa niandike. Niliandika bila kufikiri: "12 Juni, mwaka wa pili. Amekutwa nje ya ua bila ruhusa." Naibu alikuwa amesimama juu ya bega langu. Akashusha kalamu yake kwenye ukurasa akagusa mistari kutoka juu kwenda chini.

"Moja, mbili, tatu," alisema, akafunga kitabu.

Mwaka wowote wa Mungu, ule wa kalenda iliyotundikwa ukutani, ungemwokoa. Kosa la Juni na la Novemba ni ya mwaka uliopita, hili ni la kwanza la mwaka huu. Hata ungehesabu miezi kumi na miwili kamili kutoka Siku ya Wazazi iliyopita, mwaka ungekuwa umekufa tarehe tano na makosa yake yamezikwa. Ni mwaka wangu mimi tu, mwaka wa mzaha, uliofuata mwezi na omena na mfalme wa watu, ndio uliokuwa mrefu kiasi cha kumeza kumi na mbili Juni zote mbili. Wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Lakini huu nilijichongea mimi, ukamdunga mwenzangu.

Na msichana wa kidato cha nne aliyefukuzwa Juni hakuwa na shule ya kumpokea Novemba afanye mtihani. Kila mtu alilijua hilo. Angerudi Remba kuanika omena kwenye mawe pamoja na mama yake, na mama yake alikuwa ameshaandika barua kwamba kuna mtu mwenye mitumbwi miwili anauliza habari zake. Nyar nam aliisoma barua hiyo kwa sauti darasani tukacheka wote. Sasa hakuna aliyecheka.

Nilikwenda kwa naibu. Nikamuuliza, kwa heshima nyingi isiyo ya kawaida yangu, kama si haki zaidi mwaka uhesabiwe kuanzia Januari. Akanijibu kwamba sheria ni ya mwalimu mkuu, na mwaka ni wake pia, na kwamba kikao cha nidhamu kitakaa Jumatano tarehe ishirini na mbili. Siku tatu kabla ya msamaha. Alikuwa ameshapiga hesabu.

Kwenda kwa mwalimu mkuu na kumwambia ukweli niliogopa. Ningesema nini? Kwamba mwaka wake niliutunga ili viranja wacheke, na kwamba amekuwa akitembea nao mwaka mzima kifuani? Niliogopa kwa ajili yangu, nisijifanye vingine. Nilitaka kumwokoa mwenzangu bila mimi kuguswa, na nikamtafuta mtu wa kunisaidia.

Mwalimu wa historia nilimkuta chumba cha walimu akisahihisha. Yeye ndiye alikuwa mwalimu wa darasa letu, kwa hiyo angekuwa kwenye kikao. Nilimweleza kila kitu, hadi mwezi. Mwanzo alicheka hadi akashika meza. Kisha akaona uso wangu, akaacha, akavuta kitabu chake kisicho na jalada.

Alisema kwamba lile ni tatizo la kale. Yule mfalme wa Kupaa aliwaachia wasomi kesi za namna hiyo. Unaikuta hati imeandikwa siku fulani ya Mei, mwaka fulani wa mfalme, na mwaka huo una siku hiyo mara mbili. Unaikuta na nyingine yenye tarehe hiyo hiyo. Ipi ilitangulia? Zimepishana mwaka mzima, au ziliandikwa asubuhi moja juu ya meza moja? Kwa tarehe peke yake, hakuna anayeweza kujua.

Akanitazama, nami nikamtazama.

"Mimi sijasema kitu," alisema, akarudi kwenye karatasi zake.

Kikao kilifanyika ofisini kwa mwalimu mkuu. Jumatano ilikuwa siku yetu ya kusema Kiswahili, na mwalimu mkuu aliishika hata katika mambo ya kufukuzana. Walikaa watatu: yeye katikati, naibu kulia na kitabu, mwalimu wa historia kushoto akitazama dirisha. Nyar nam alisimama mbele ya meza, mikono nyuma. Nami nilisimama kando yake, shahidi wa mwandiko wangu.

Naibu alisoma ukurasa. Kumi na mbili Juni, mwaka wa pili, nje ya ua. Ishirini Novemba, mwaka wa pili, omena juu ya pasi. Kumi na mbili Juni, mwaka wa pili, nje ya ua. Makosa matatu, alisema, mwaka mmoja.

Mwalimu mkuu alinyoosha mkono akapewa kitabu. Alisoma taratibu, kidole kikifuata. Kidole kilishuka, kikapanda, kikashuka tena. Akauliza kwa nini kosa la kumi na mbili Juni limeandikwa mara mbili. Naibu akasema ni makosa mawili. Mwalimu mkuu akasema yeye anaona tarehe moja, mwaka mmoja, msichana mmoja na ua mmoja. Naibu akaonyesha kwamba Novemba imekaa katikati, na kwamba haiwezekani mtu atoke Juni aende Novemba arudi Juni ile ile. Mwalimu mkuu akamuuliza, kwa upole wa mtu anayemweleza mgeni, mwaka una Juni ngapi.

"Juni ni moja, Mwalimu," alisema naibu, "lakini—"

"Mwaka wangu pia una Juni moja."

Nilitazama viatu vyangu. Mwalimu wa historia aliendelea kulitazama dirisha, lakini koti lake lilikuwa linatikisika mabegani. Naibu alikuwa na akili nyingi kuliko sisi wote, na nusu dakika zaidi angeufikia mwezi. Lakini alikuwa ameletwa Januari. Juni ya kwanza hakuishuhudia, bawabu aliyeishuhudia hakuwapo tena, na mwalimu mkuu hakuwa na kawaida ya kukumbuka nani alifyeka nini. Kilichobaki kilikuwa kitabu, na kitabu kilikuwa mimi.

Mwalimu mkuu akanigeukia, akaniuliza kama niliandika kosa moja mara mbili.

Pembeni yangu nilimsikia nyar nam akivuta pumzi. Nilimjua. Alikuwa anataka kusema. Nilisogeza mguu nikamkanyaga vidole, si kidogo, na kabla hajapata sauti nikajibu.

"Mwalimu, ni kama ulivyosoma. Tarehe ni moja, mwaka ni mmoja, mtu ni mmoja na ua ni mmoja."

Hakuna neno la uongo hapo. Nimelipitia mara nyingi. Hata hivyo ulikuwa uongo, tena mkubwa, na niliusema kwa sauti ya mtoto wa Jumapili.

Mwalimu mkuu alifunga kitabu. Akasema kwamba makosa ni mawili, kwamba nyar nam atafyeka nyasi na abaki shuleni, na kwamba karani asiyeweza kuandika jambo moja mara moja hafai kuwa karani. Ningekabidhi kitabu kwa naibu Jumatatu, baada ya Siku ya Wazazi. Naibu alinitazama tu, muda mrefu, na nilijua kwamba leo au kesho hesabu itamjia.

Tulitoka. Nilikuwa nimepoteza cheo, lakini nilijiona mshindi. Tulipofika kwenye tangi la maji nilisimama nikasubiri asante yangu. Hata nilikuwa nimeandaa jibu la mzaha, kwamba asante haifyeki nyasi.

Yeye alikuwa anafuta vidole vya mguu nilivyomkanyaga. Alipoinua uso, alikuwa analia, na hakuwa mtu wa kulia.

"Nyar Kuria, mimi nilienda mara mbili."

Nikasema najua. Nikasema ndiyo maana nimefanya nilivyofanya.

"Mwaka jana nilimwambia baba nimekuwa nambari tatu darasani. Mwaka huu nikamwambia mama anataka kunipeana, na nikamwambia mimi sitaki, nataka kumaliza shule. Hiyo ni siku mbili. Sasa wewe umesimama pale mbele ya walimu ukasema ni siku moja." Akafuta pua kwa mkono. "Ni gani yenye sikuenda?"

Niliona aibu iliyoanzia masikioni. Kwa upande wangu kumi na mbili Juni ilikuwa mstari kwenye ukurasa, kitu cha kuchezea. Baba wa watu hakuwa na kaburi ila lile la tunda, na kitu pekee kilichoandikwa popote kuonyesha kwamba binti yake alikuwa akimtembelea kilikuwa kile kitabu cha makosa. Na mimi nilikuwa nimeifuta ziara moja kwa ujanja wangu, kisha nikataka nishukuriwe.

Nilimwomba msamaha. Akasema msamaha ni sawa, ila yeye anataka ziwe mbili.

Nikamwambia asubiri Jumamosi. Kabla ya hapo ningekuwa namfukuzisha upya.

Jumamosi walikuja, wa Remba na wa Mfangano, wamevaa nguo za kanisani na kunuka samaki kidogo hata hivyo, mama yake akiwa katikati yao na kitenge kipya. Mwalimu mkuu alisimama juu ya jukwaa, sinia ya funguo mbele yake, akatangaza kwamba mwaka wake wa pili umetimia na makosa yote yamefutika. Watu walipiga makofi. Mimi nilikuwa nyuma ya jengo la kidato cha nne, nimekaa juu ya tofali, kitabu magotini, nyar nam amesimama mbele yangu amekunja mikono kama askari wa zamu.

Nilifungua ukurasa wake. Kwenye mstari wa kwanza, baada ya maneno "mwaka wa pili", niliongeza tisini na tatu. Kwenye mstari wa tatu niliongeza tisini na nne. Niliandika kwa wino. Nilijua naibu ataiona miaka hiyo Jumatatu na ataelewa mara moja, na kweli aliiona, akaelewa, na kosa la kwanza kabisa la mwaka wa tatu wa Mwalimu Mkuu liliandikwa kwenye ukurasa wangu mimi. Nilifyeka wiki nzima. Naibu alipita mara mbili, na mara ya pili alisimama akaniuliza mwaka ule wa pili ulikuwa na siku ngapi, nikamweleza habari ya mwezi, naye akatikisa kichwa na kwenda zake.

Lakini Jumamosi ile, nyuma ya darasa, wino ulikuwa bado haujakauka. Nyar nam alichukua kitabu mikononi mwangu. Alisoma mstari wa kwanza akisogeza midomo. Akapita omena zake bila kuzitazama. Alisoma wa tatu.

"Haya," alisema. "Baba alitembelewa mara mbili."

Akanirudishia kitabu, akaenda kumtafuta mama yake, kumwambia kwamba mtu wa mitumbwi miwili ajibiwe hapana.